Baba wa kifaranga ni nani?

Wadau, leo tuiache siasa kidogo, tuongelee kuku. Mwaka 1900 wanasayansi walifufua kazi ya Mendel kuhusu urithi katika njegere. Wengi wakauliza, na wanyama je? William Bateson alijibu mwaka 1902 kwa kuku aliowafuga kwake Grantchester, jirani na Cambridge, akisaidiwa na mkewe, Beatrice. Alikuwa anaangalia hata panga za kichwani! Baadaye, akiwa na Punnett, alionyesha kuwa aina mbili za upanga zikikutana huzaa ya tatu, na kwa wajukuu, wastani wa mmoja kati ya 16 anatoka na upanga wa kawaida. Mwaka 1905 Bateson huyohuyo akaipa sayansi hii jina, jenetiki.

Bila wigo asingeambulia kitu. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini wiki mbili na zaidi, kwa hiyo ukibadili jogoo leo, mayai ya wiki ijayo bado yanaweza kuwa ya yule wa zamani. Halafu mtu ananunua jogoo wa mbegu kwa bei mbaya, anamwachia uani pamoja na majogoo ya jirani! Mtengee matetea yake, subiri wiki tatu, ndipo uanze kukusanya mayai ya kuatamisha.