Mrija wa Chaki Uliolifichua Jani

Kwa macho, jani la mchicha lina rangi moja tu, kijani. Mwaka 1903 Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea wa Kirusi aliyekuwa akifanya kazi Warsaw, aliwaeleza wanasayansi wenzake namna ya kuthibitisha kwamba macho hudanganywa. Katika njia aliyoikamilisha, alishindilia unga wa chaki ndani ya mrija mwembamba wa kioo, akamimina juu yake kimiminika chenye rangi zilizokamuliwa kutoka majanini, kisha akaendelea kumimina kimiminika kitupu. Kila rangi ilishikwa na chaki kwa nguvu yake, ikashuka kwa mwendo wake, hata mrija ukawa na tabaka za klorofili mbili na za rangi kadhaa za manjano. Mwaka 1906 akaiita kazi hiyo kromatografia, yaani maandishi ya rangi. Hoja iliyokuwa ndani ya mrija ule ingali na uzito leo, wakati kila kopo la juisi linajigamba kuwa na antioksidanti, kemikali zinazopunguza uharibifu unaoletwa na oksijeni: chakula cha mimea hujulikana kwa kutenganishwa, na hupotoshwa kinapojumlishwa.

Vigogo wa kemia hawakumkubali Tswett. Leon Marchlewski alimshambulia waziwazi, na Richard Willstätter, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa utafiti wa rangi za mimea, hakuiamini njia hiyo. Shaka yao haikuwa ya kupuuzwa, kwani unga ungeweza kuzibadilisha rangi, na kinachoonekana kikawa kimezaliwa mrijani badala ya kutoka kwenye jani. Tswett alifariki mwaka 1919 bila kuona heshima aliyostahili. Ni mwaka 1931, mjini Heidelberg, ambapo Richard Kuhn, Alfred Winterstein na Edgar Lederer waliirudia njia yake na kuipitisha karotini ya karoti mrijani. Kilichodhaniwa kitu kimoja kikatoka viwili, alfa na beta. Tofauti hiyo inagusa sahani: mwili unaweza kuzigeuza nusu zote mbili za molekuli ya beta kuwa vitamini A, lakini alfa ina nusu moja tu ya namna hiyo. Mafuta ya mawese yana zote mbili. Anayeyapima kwa kusema "karotini" kwa ujumla, akaihesabu yote kama beta, huyapa vitamini yasiyokuwa nayo.

Mwaka 1941 Archer Martin na Richard Synge, wakifanya utafiti wa sufu huko Leeds, waliandika kwamba chembe ndogo sana za unga mrijani na shinikizo kubwa vingetenganisha vitu vizuri zaidi. Miaka ya 1960 ndipo watu kama Csaba Horváth wa Chuo Kikuu cha Yale walipounda mashine zenye pampu za kutimiza wazo hilo. Antioksidanti nyingi hazina rangi, kwa hiyo mashine huzimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ikaandika dakika ambayo kila moja inatoka, na mtaalamu huilinganisha dakika hiyo na ya kemikali halisi inayojulikana. Lakini vitu viwili huweza kutoka dakika moja. Ndiyo maana maabara makini haitaji jina kwa kutegemea saa peke yake. Hupima pia mwanga unaofyonzwa na uzito wa molekuli.

Kuna pingamizi zito zaidi: kulijua jina la kemikali si kujua inachofanya mwilini. Ni kweli, na ushahidi wake unauma. Matokeo ya jaribio la Finland la mwaka 1994, lililohusisha wanaume wavutaji sigara 29,133, yalionyesha kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Hata hivyo jaribio lile liliweza kutoa onyo kwa sababu kilichomezwa kilikuwa kitu kimoja chenye jina. Namba ya jumla isingeonya chochote. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya namba za jumla za uwezo wa antioksidanti, ambamo karafuu zilikuwa miongoni mwa vyakula vilivyoongoza, kwa kuwa namba hizo zilitumiwa vibaya kuuzia bidhaa na hazikuonyesha faida mwilini.

Wengine watasema mashine hizi ni ghali mno kwa nchi zetu. Ghali ni kweli, ila si lazima kila shamba liwe nazo. Katika kuzalisha viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye beta-karotini, kazi iliyompa Mganda Robert Mwanga sehemu ya Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, kiasi cha beta-karotini hupimwa maabara, kisha vipimo hivyo huoanishwa na kadi za rangi. Mtafiti akiwa shambani hukata kiazi, huweka kadi pembeni ya nyama yake ya rangi ya chungwa, na hukadiria kilichomo.