Alama za Jembe

Miaka ya 1960 ilipokuwa inaelekea ukingoni, mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania ulikuwa bado ni wa Cambridge. Mwanafunzi alisoma miaka minne, akafanya karatasi zake kwa siku chache, zikasafirishwa Uingereza kusahihishwa na mtu asiyemjua yeye wala kwao. Tumezoea kuuona utaratibu huo kama aibu ya kikoloni, na ulikuwa hivyo. Lakini ulikuwa na haki ya aina yake: msahihishaji hakujua huyu ni mtoto wa nani, wala hakuwa na sababu ya kumpendelea.

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Aliandika kama mtu aliyewahi kushika chaki, maana alifundisha Tabora na baadaye Pugu kabla ya siasa kumchukua. Malalamiko yake juu ya mtihani yalikuwa mahususi: unapima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa kwa wakati uliopangwa, haupimi fikra, tabia, wala moyo wa kutumikia. Tena unawachuja watoto kwa ajili ya nafasi chache mno. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, ni kama asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi walioweza kupata nafasi sekondari. Hakutaka mtihani ufutwe. Alitaka usisimame peke yake, bali uambatane na tathmini ya walimu na ya wanafunzi wenyewe kuhusu kazi ambayo kila mmoja ameifanyia shule na jamii.

Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi kwa muda. Tanzania ilijitoa kwanza katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania kwa sheria ya 1973. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Musoma ikaamua kwamba uzito wa mtihani wa maandishi upunguzwe, na maendeleo ya mwanafunzi darasani pamoja na kazi zake yahesabiwe katika kufaulu au kufeli. Mwaka 1976 uamuzi huo ukaingia kwenye mtihani wa kidato cha nne. Nusu ya alama zikatoka Baraza, nusu zikatoka shuleni. Pembeni yake ikawekwa tathmini ya tabia na mwenendo wa kazi.

Orodha ya mambo yanayotathminiwa haikupotea. Mzazi yeyote wa Tanzania anaijua kutoka kwenye ripoti ya mwanawe: kufanya kazi kwa bidii, ubora wa kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu, kushiriki michezo. Kila kipengele kina kisanduku chake, na kila kisanduku kinasubiri herufi. Hisabati ina karatasi ya kuonyesha mwanafunzi alikosea wapi. Uaminifu hauna. Mwalimu wa darasa mwenye wanafunzi arobaini na kitu anashika kalamu na kukumbuka sura, na herufi zinazotoka mara nyingi ni A na B, kwa sababu C ya uaminifu ni tuhuma ambayo mzazi atakuja kuiulizia.

Bidii nayo ina mtego wake. Weka wanafunzi wawili shamba moja. Mmoja amekulia Ukerewe, jembe amelishika tangu utoto. Saa nne amemaliza matuta yake na amekaa kivulini. Mwingine ametoka Kariakoo, mikono imeota malengelenge, jua la utosi linamkuta bado yuko kwenye tuta la tatu. Ukipima matuta, wa kwanza ameshinda. Ukipima jasho, wa pili. Ile hoja ya darasani, kwamba mwenye kipaji hupita bila kujitahidi, ilihamia shambani ikiwa nzima. Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo nadhani ndilo lililouharibu mpango kutoka ndani: shule nyingi zilitumia jembe hilohilo kama adhabu. Aliyechelewa namba alipelekwa kung'oa visiki. Kazi moja ikawa somo la heshima Jumanne na fimbo siku ya Jumatano.

Chuo kikuu kilipata toleo lake. Baada ya Musoma, mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha aombe nafasi akiwa na maoni ya mwajiri na ya tawi la chama. Yule msahihishaji asiyemjua mtu sasa alikuwa na mwenzake anayemjua vizuri mno. Idadi ya wanawake walioingia ilishuka, mpaka ikabidi wao wafunguliwe njia ya kwenda moja kwa moja.

Alama za darasani zilibaki, lakini sitini ya shule moja haikuwa sitini ya nyingine, na mwalimu mkali aliwaumiza wanafunzi wake mwenyewe. Kisha likaja tetemeko la Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalionyesha watahiniwa 240,903, zaidi ya asilimia 60, wamepata divisheni ziro. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mei 3, Waziri wa Nchi William Lukuvi aliliambia Bunge kwamba Baraza lilitumia utaratibu mpya wa kupanga madaraja, na kwamba matokeo yafutwe yapangwe upya kwa ule wa 2011. Ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08. Hakuna mtoto aliyeandika jibu jipya hata moja.

Miezi michache baadaye wizara ilitangaza mgawanyo mpya: 60 za mtihani wa mwisho, 40 za maendeleo. Watu walibishana sana juu ya madaraja mapya, na juu ya pendekezo la divisheni ziro kuitwa divisheni ya tano. Ile 40 wengi waliipita juu juu, na ndiyo ilistahili kusomwa. Kumi na tano zilitoka mtihani wa kidato cha pili, kumi mihula miwili ya kidato cha tatu, kumi mtihani wa moko. Hapo tayari ni thelathini na tano, zote za kukaa chumbani na kalamu. Zilizobaki, alama tano, zilikuwa za projekti.