Somo la uraia na lugha yake

Mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania Bara, miaka ya 1980, alikuwa na masomo mawili ya lazima ambayo aliyajibu kwa Kiswahili. La kwanza lilikuwa Kiswahili chenyewe, la pili Siasa. Fizikia, Jiografia na hata Kilimo vilitaka Kiingereza. Akifika kwenye Siasa kalamu ilitembea, maana hapo aliandika kwa lugha anayoiota.

Mizizi ya somo hilo iko kwenye ugomvi. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walifukuzwa, na Mwalimu Nyerere akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na Machi kikafuata kijitabu cha Nyerere cha Elimu ya Kujitegemea. Serikali ilikuwa imeona kwamba shule zinazalisha wasomi wasioijua nchi yao.

Kijitabu hicho watu wengi wanakikumbuka kwa jembe tu. Wanasahau kilichosemwa kuhusu shamba la shule: kwamba wanafunzi washiriki kupanga kazi, waweke hesabu ya mapato na matumizi, na wakae na walimu kuamua fedha za mavuno zifanye nini. Ukifikiri vizuri, hapo palikuwa na somo kubwa la demokrasia kuliko kitabu chochote kilichoandikwa baadaye. Mtoto wa Darasa la Sita anayeruhusiwa kuuliza fedha za mahindi zimekwenda wapi atakuja kumwuliza diwani vivyo hivyo. Mara nyingi, kwa bahati mbaya, jembe lilifika shuleni na kikao hakikufika. Watoto walilima, mwalimu mkuu akaamua, na mchelewaji akapelekwa shambani kwa adhabu.

Darasani, kwenye kipindi cha Siasa, walifundishwa Azimio, maadui watatu (ujinga, umaskini na maradhi), ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na mambo manne yanayohitajika ili tuendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Chama na nchi havikutenganishwa, na sheria yenyewe haikuvitenganisha. Katiba ya muda ya 1965 ilikuwa na katiba ya chama hicho, TANU, kama kiambatisho chake. Tena haki za raia ziliingizwa kwenye Katiba ya nchi mwaka 1984 tu, na mtu hakuweza kuzidai mahakamani mpaka 1988. Kwa hiyo mwalimu wa Siasa wa 1975 aliyefundisha wajibu zaidi ya haki tusimlaumu sana. Haki hizo hazikuwa na ibara ya kusomea.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, pamoja na kufutwa au kurekebishwa kwa sheria 40 kandamizi na kutolewa kwa elimu ya uraia nchi nzima. Julai 1992 mfumo ukabadilika. Siasa ikaondoka shuleni, Uraia ukaingia.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo sijaona likielezwa vya kutosha. Shule za msingi za serikali ziliendelea kufundisha Uraia kwa Kiswahili, lakini sekondari somo likawa Civics, kwa Kiingereza. Zama za chama kimoja kijana alijadili siasa kwa lugha yake. Vyama vilipokuwa vingi na mjadala ukaruhusiwa, akanyang'anywa lugha ya kujadilia. Alikariri ubaoni maana ya mgawanyo wa madaraka, neno kwa neno, kisha akatoka nje ya geti na kukuta mkutano wa kampeni ambao hakuna hata sentensi moja ya Kiingereza. Katiba nayo alisomeshwa kwa tafsiri, wakati Mahakama Kuu, katika kesi ya kikatiba ya mwanasiasa Mchungaji Mtikila ya miaka ya 1990, ililitegemea toleo la Kiswahili kuwa ndilo lenye nguvu.

Marekebisho yamekuja taratibu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 imeleta Historia ya Tanzania na Maadili, somo linalofundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Lugha imerudi, na hilo si dogo.

Wasiwasi wangu uko kwenye jina: historia ipo, maadili yapo, sheria haikutajwa. Kama ningekuwa na kipindi kimoja kwa wiki cha somo hilo, ningeanza na Sheria ya Mtoto ya 2009, inayompa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaohusu ustawi wake. Ningekisoma kifungu hicho kwa sauti mbele ya Kidato cha Kwanza, halafu niwaulize ni uamuzi gani wa shule yao, muhula huu, uliopitishwa baada ya kuwasikiliza.