Mawingu ya Ruisdael Ndani ya Kioo

Mwaka 1659, mjini The Hague, mwanasayansi Christiaan Huygens alichora vijipicha kumi vya kiunzi cha mifupa kinachovua kichwa chake na kukirudisha shingoni. Kando yake akaandika kwamba vilikuwa vya kurushwa kwa lenzi na taa. Hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za chombo ambacho Ulaya ilikuja kukiita taa ya kiinimacho. Huygens mwenyewe hakukithamini. Alikuwa amekwisha kugundua mwezi wa Zohali na kubuni saa ya timazi. Baba yake alipotaka kupeleka taa hiyo Paris mwaka 1662, ionyeshwe mbele ya Mfalme Louis XIV, Christiaan alimwandikia mdogo wake Lodewijk aondoe lenzi moja ili isifanye kazi. Aliona ni fedheha kwa ukoo wao.

Mchoraji Jacob van Ruisdael, mzaliwa wa Haarlem, alikuwa hirimu moja na Huygens. Kati ya 1670 na 1675 hivi alichora mji wake kama unavyoonekana ukisimama juu ya vilima vya mchanga, na mchoro huo leo umetundikwa katika jumba la Mauritshuis, The Hague. Ni mdogo: sentimita 55.5 kwa 62. Theluthi mbili ni anga tupu, mawingu mazito yakipandiana. Chini yake nchi imelala tambarare, na kanisa kubwa la Mtakatifu Bavo limechomoza kwenye upeo. Karibu na mtazamaji kuna viwanja vya kupaushia kitani, kazi iliyoipa Haarlem sifa. Vitambaa vililowekwa katika maji ya majivu na mtindi, vikafuliwa, kisha vikatandazwa juani. Ruisdael ametoboa wingu mahali pamoja, nuru ikashuka juu ya vitambaa hivyo.

Taa na mchoro, vyote wana wa nchi moja na kizazi kimoja, vilingoja karibu karne mbili kabla ya kukutana. Kwa sehemu kubwa ya muda huo picha za taa zilichorwa kwa mkono juu ya kioo. Ndipo ndugu wawili Wajerumani walioishi Philadelphia, William na Frederick Langenheim, wakafaulu kuiweka fotografia juu ya kioo kwa utando wa ute wa yai. Mwaka 1850 walipata hataza, na mwaka uliofuata kazi yao ikaonyeshwa London. Baadaye jelatini ilichukua nafasi ya ute.

Slaidi, yaani kioo hicho chenye picha, ni kazi safi ya mikono. Ya Uingereza ilikuwa na upande wa sentimita nane na kitu. Ya Marekani ilizidi kidogo urefu. Juu ya picha huwekwa fremu ya karatasi nyeusi, kisha kioo cha pili cha kuikinga, halafu kingo zote zinafungwa kwa utepe wa karatasi.

Lakini kamera za zamani zilimdhulumu Ruisdael. Utando wa chumvi za fedha uliiona buluu upesi mno, ukawa karibu kipofu kwa nyekundu. Buluu ya angani ilitoka nyeupe ikafanana na mawingu yenyewe, huku hudhurungi na kijani cha ardhi zikizama gizani. Mwaka 1873 Hermann Vogel aligundua kwamba rangi fulani zikichanganywa kwenye utando huufanya uone na kijani, na hali ikaanza kuwa bora. Hata hivyo picha ilibaki ya kijivu, isipokuwa pale fundi alipoipaka rangi kwa brashi.

Na ni kwa kijivu hicho ndipo somo la historia ya sanaa lilipokua. Herman Grimm alifundisha kwa slaidi katika chuo kikuu cha Berlin. Heinrich Wölfflin, aliyerithi kiti chake mwaka 1901, alipata sifa kwa kurusha picha mbili ubavu kwa ubavu ili wanafunzi walinganishe. Siamini ni kwa bahati tu kwamba Wölfflin aliandika mengi kuhusu mstari, kina na nuru. Hayo ndiyo yaliyoonekana ukutani. Kitani cha Haarlem, ambacho mchoroni hakizidi upana wa vidole vichache, kiliwaka ukutani kikubwa kama shuka, na mwanga halisi ukipita ndani yake.

Filamu ndogo ya rangi ilipoenea, masanduku ya vioo yalisukumwa stoo, mengine yakatupwa kwa hoja kwamba ni nakala mbovu. Inaniuma. Mchoro bado upo na unaweza kupigwa picha upya kesho; namna watu walivyoujua kwa vizazi kadhaa imebaki katika vioo hivyo peke yake. Navyo ni dhaifu: fedha inachujuka pembeni na kung'aa kama zebaki, jelatini inashika ukungu, utepe unabanduka.

Ukiokota kimoja, tafuta kidoa cha karatasi nyeupe kwenye kona. Lenzi hupindua picha, kwa hiyo slaidi iliingizwa taani kichwa chini, na kidoa kilimwonyesha mwendesha taa mahali pa kuweka dole gumba la kulia. Aliyeirusha Haarlem ukutani aliishika hivyo gizani kila mara: mji juu, mawingu yote chini yake.