Ubao Mmoja na Miti Minne

Wawindaji wa Marekani siku hizi huuziwa maficho ya turubai yanayokunjwa kama mwavuli, yenye madirisha ya zipu na rangi ya majani makavu. Mnunuzi huuliza mambo mawili: bei gani, na yatadumu misimu mingapi kabla jua halijala kitambaa. Ni maswali ya haki. Mnyama anayeviziwa huko mara nyingi ni kulungu, naye akishtuka anakimbia. Huku kwetu historia ya maficho imeandikwa kwa sehemu kubwa na mnyama ambaye akikugundua anakuja. Hapo linaongezeka swali la tatu, ambalo kwenye matangazo ya biashara silioni: nani anakaa ndani?

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni Tsavo, mwaka 1898. Kisa chenyewe kinajulikana, na filamu zimekichosha. Mhandisi wa Kiingereza, J. H. Patterson, alifika Mombasa mwezi Machi kujenga daraja la reli ya Uganda juu ya mto Tsavo, na simba wawili wasio na manyoya shingoni wakaanza kula watu wa kambi. Lakini kitabu chake cha mwaka 1907 ukikisoma kwa jicho la fundi seremala badala ya jicho la shujaa, unakuta ni orodha ndefu ya maficho yaliyoshindwa.

La kwanza lilikuwa mti. Baada ya jemadari mmoja wa Kisikh, Ungan Singh, kuburutwa kutoka hemani mwake, Patterson alipanda mti karibu na hema hilohilo akiwa na bunduki mbili, akasubiri. Simba walinguruma, wakakaribia, wakanyamaza. Kisha makelele yakasikika kutoka kambi nyingine, kama nusu maili kutoka hapo. Mti ulikuwa imara na haukugharimu hata senti. Ila mti hauhami, na kambi za vibarua zilitawanyika kandokando ya reli kwa maili kadhaa.

Wakajenga maboma ya miiba, moto ukiwaka usiku kucha. Simba wakapita kwenye miiba, wakati mwingine wakimpitisha mtu hapohapo. Hospitali ya kambi ilipovamiwa ikahamishwa. Patterson akakaa usiku ndani ya boma lililoachwa, akiamini simba watarudi walikozoea. Usiku uleule wakaenda hospitali mpya, wakamchukua mchotaji maji. Baadaye yeye na daktari Brock wakajificha ndani ya behewa la mizigo, mlango wa juu wakauacha wazi ili waone. Simba aliruka kuelekea mlango huo, na ni miali ya bunduki zao mbili iliyomfanya akwepe. Wanaume wawili wenye silaha, ndani ya sanduku lililojengwa kubeba mizigo ya reli, na bado waliponea chupuchupu.

Kwa uimara, hakuna kilichoshinda mtego wake: mataruma ya mbao, vipande vya reli, waya wa simu na minyororo, vikigawanywa vyumba viwili, cha simba na cha chambo. Chambo walikuwa watu. Askari walilala upande wa pili wa vyuma wakiwa na bunduki na risasi za kutosha. Simba aliingia kweli, mlango ukashuka nyuma yake kama ilivyopangwa. Askari wakapatwa na hofu, wakafyatua risasi kila upande isipokuwa pale alipo simba, hata mojawapo ikang'oa nondo za mlango, naye akatoka. Hakuna aliyekula hasara ya mwili usiku huo. Hata hivyo mimi humwonea huruma zaidi yule askari kuliko mhandisi aliyekasirika asubuhi. Ni rahisi kulaumu mkono unaotetemeka kama hukulala wewe upande ule wa nondo.

Tarehe 1 Desemba vibarua waligoma. Walisema hawakutoka India kuja kuwa chakula cha simba, wala cha shetani, maana wengi waliamini si simba wa kawaida. Mamia walilirukia treni lililokuwa likielekea Mombasa, na kazi ya daraja ikasimama kwa takriban majuma matatu. Waliobaki ndio, kwangu mimi, mafundi halisi wa kisa hiki. Walilala juu ya matangi ya maji. Walilala juu ya mapaa. Walifunga vitanda kwenye matawi ya miti, na wengine wakachimba mashimo ndani ya mahema yao, wakayafunika kwa magogo mazito na kulala chini yake kama viazi. Usiku mmoja watu wengi mno waliukimbilia mti mmoja, mti ukaanguka nao. Walisalimika kwa sababu simba walikuwa tayari wameshika mtu mwingine.

Tarehe 9 Desemba Patterson alikaa kwenye kitu kilichomfanikisha, nacho kilikuwa dhaifu kuliko vyote. Miti minne ilisimikwa ardhini ikiinamiana juu, kimo cha futi 12, na ubao mmoja ukafungwa kama kiti. Wahindi huita machan. Punda aliyeliwa nusu alifungwa kwa waya kwenye kisiki. Mshika bunduki wake, Mahina, alitaka kukaa naye, lakini alikuwa anakohoa, akaachwa. Simba alikuja, akamwacha punda, akaanza kumzunguka mtu kwa muda wa karibu saa mbili. Katikati ya hayo bundi alimgonga Patterson kisogoni, akidhani pengine ni tawi. Kidogo aanguke. Mwishowe alifyatua akielekea kwenye kivuli, na kivuli kikaanguka. Simba yule alipimwa futi 9 na inchi 8, pua hadi ncha ya mkia.

Wa pili aliuawa mwisho wa mwezi huohuo. Mwaka 1924 ngozi zao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000, na huko wamesimama hadi leo. Idadi ya waliokufa ilipanda pamoja na sifa ya mwuaji: kwanza Wahindi 28 na Waafrika ambao hawakuhesabiwa, baadaye watu 135. Utafiti wa mwaka 2009 uliopima mifupa na manyoya ulikadiria kama watu 35. Mimi huishia kwenye hilo neno la kwanza, “hawakuhesabiwa”.

Miezi 18 baadaye, Juni 1900, katika kituo cha Kima kwenye reli ileile, ofisa wa polisi Charles Ryall aliamua kumvizia simba akiwa ndani ya behewa lake, pamoja na Huebner na Parenti. Ryall alishika zamu, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, na kwa kuwa behewa lilikuwa limeinama, mlango ukajifunga nyuma yake. Alisimama juu ya Parenti aliyelala sakafuni ili amfikie Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa halikupata dosari kubwa.

Kiswahili kina neno la kile kitu cha miti minne: dungu. Nimekulia Rufiji, ambako dungu halikuwa la mwindaji, lilikuwa la mkulima. Bibi yangu alihamia bondeni msimu mzima kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, akilala juu ya fito zilizofungwa kwa kamba za magome, paa la nyasi, wajukuu miguuni. Kila mwaka lilijengwa upya, kwa siku mbili za kazi na panga. Mafuriko ya mwaka 1968 yalipopita, serikali iliwahamishia watu nyanda za juu katika vijiji vya ujamaa, lakini udongo mzuri ulibaki bondeni. Kwa hiyo mashamba yakawa mbali na nyumba, na dungu likawa kitanda cha miezi mingi zaidi.

Watafiti waliochapisha katika jarida la Nature mwaka 2005 walihesabu kwamba tangu 1990 hadi 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 563, wengi wao kusini mwa nchi, Rufiji na Lindi zikiwamo. Waligundua kwamba vifo viliongezeka wakati wa mavuno, ambapo watu hulala shambani kuwafukuza nguruwe, na nguruwe ndiye anayemvuta simba hadi shambani. Yaani mlinzi amekaa juu ya chambo, kama Patterson na punda wake, ila bila bunduki.

Nilimwuliza mjomba wangu kwa nini basi wasijenge madungu marefu zaidi, ya mbao za kupasuliwa, yenye mlango. Alinitajia bei ya mbao, akanionyesha kwa kidole shamba lilipo ng'ambo ya mto, kisha akaendelea kunoa panga lake.