Uji wa Chumvi

Kwetu ni Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama uliotiwa asali, au chai ya rangi kwa matobolwa. Basi nilipokwenda kusoma Glasgow mwaka 1988, na mama mwenye nyumba akaniwekea bakuli la uji wa oti wenye chumvi, nilidhani amekosea kopo. Nikaonja kijiko kimoja, nikaaga.

Tangu siku hiyo nikawa nakula chumbani: matobolwa aliyonifungia mama, na chai niliyochemsha mwenyewe. Yule mjane aliendelea kuandaa mabakuli mawili. Kutoka juu nilisikia kijiko kimoja tu kikigonga.

Jumapili moja nilitembelea Blantyre, jirani na Glasgow, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813. Sisi wa Kwihara tumekua na jina lake, maana tembe alilokaa liko kwetu na limefanywa makumbusho. Alifika hapo pamoja na Stanley Februari 1872. Stanley akaondoka Machi. Yeye akabaki akingoja wapagazi kutoka pwani, hata akaondoka tarehe 25 Agosti. Katika kungoja huko aligandisha maziwa, akatengeneza jibini ya safari. Ilikuwa na uchachu kidogo, lakini aliridhika nayo. Kumbe naye alikuwa mgeni aliyetafuta ladha ya kwao!

Niliporudi chuoni niliazima shajara yake. Humo nilimkuta Halima, mpishi wake. Siku moja huko Kwihara Halima aligombana na mwenzake, akatoroka. Alirudi kwa hiari yake, ila hakuingia ndani. Alitaka tu Livingstone atoke nje amwambie aingie. Mzee akatoka, akamwambia. Kisha akaandika sifa zake, kwamba ni mwangalifu na mwerevu, wala hakuwahi kuiba.

Maneno hayo yaliniuma. Livingstone alitoka nje kumwita mpishi wake. Mimi nilikuwa naitwa kila asubuhi kwa bakuli, na kwa miezi miwili sikuitika.

Kesho yake nilishuka mapema. Nikaketi, nikaomba asali. Mama yule alicheka, akaniambia kwamba hata marehemu mumewe alikuwa akitia sukari kwa siri. Nami nikampa tobolwa langu la mwisho. Alilitafuna kwa muda mrefu, akifikiri.

“Zuri,” akasema, “ila lina upungufu wa chumvi.”