Mji Uliokopa: Habari za Birmingham na Njia Zake

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za hesabu za fedha za mji mmoja wa Uingereza. Najua kwamba mtu akisikia neno makisio hupiga miayo. Hata wanafunzi wangu, ambao wanalazimika kunisikiliza, hutazama dirishani nitajapo mapato na matumizi. Lakini nivumilieni kidogo, maana mambo haya niliyaona kwanza kwa macho yangu, kabla sijajua kusoma kitabu cha hesabu.

Kijijini kwetu palikuwa na kijito, na juu yake daraja la magogo. Kila masika maji yalilichukua, na kila mwaka wazee walichangisha watu fedha na kazi ya mikono, likatengenezwa lingine mfano wa lile la kwanza. Mwaka mmoja fundi mwashi aliyekuwa akipita njia aliwaambia kwamba angeweza kujenga daraja la mawe ambalo wajukuu wao wangelipita. Wazee wakauliza bei, na walipoisikia wakacheka. Yule fundi akawaambia wakope. Hapo mzee mmoja akasimama akasema, “Kukopa harusi, kulipa matanga,” na shauri likaisha. Masika iliyofuata daraja lilikwenda na maji usiku, na mama yangu mdogo akakaa ng’ambo siku tatu, mtoto wake ana homa, na dawa ziko upande wetu. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile nimejiuliza kama mzee yule alisema kweli.

Basi na tuifanye hesabu yake. Tuseme daraja la magogo hugharimu shilingi 300 kila mwaka, na la mawe shilingi 4,000, nalo hudumu miaka 50 au zaidi. Kijiji kikope 4,000 kwa riba ya shilingi 4 katika kila 100, kirudishe deni katika miaka 30. Mwaka wa kwanza kitalipa riba shilingi 160, na sehemu ya deni lenyewe shilingi 133 na senti 33. Jumla 293 na senti 33. Mwaka wa pili riba itapungua, na malipo yote yatakuwa shilingi 288. Kila mwaka yatazidi kushuka, na baada ya mwaka wa 30 hakuna deni tena, na daraja lipo. Waona, ndugu yangu, kwamba yule aliyekataa kukopa alikuwa akilipa zaidi kuliko mkopaji, wala hakupata daraja.

Mji wa Birmingham uko katikati ya nchi ya Uingereza, mbali na bahari. Ni mji wa mafundi wa chuma na shaba: kalamu, vifungo, bunduki, misumari ya parafujo, vyote hivyo vilitoka huko. Ulipewa baraza lake la mji katika mwaka 1838. Watu walizidi upesi kuliko nyumba. Maskini walikaa katika nyumba zilizopeana migongo, chumba kimoja nyuma ya kingine pasipo dirisha la nyuma, zimezunguka ua mmoja wenye bomba moja la maji na choo kimoja cha watu wote. Wengi walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa karibu na vyoo hivyo.

Ungedhani baraza lingefanya haraka kuondoa taabu hiyo. Lakini katika miaka ya 1850 baraza liliingiwa na watu ambao shauri lao lilikuwa moja tu, yaani kodi ya nyumba isipande. Kiongozi wao aliitwa Joseph Allday. Walikuwa na desturi ya kukutana katika nyumba moja ya kunywea pombe, jina lake Woodman, na mambo yaliyopaswa kujadiliwa barazani yalikuwa yamekwisha kuamuliwa huko mezani. Katika mwaka 1855 lililetwa shauri la kukopa fedha ili mifereji na njia zitengenezwe, likakataliwa. Katika mwaka 1857 wakamwondoa injinia wa mji, John Pigott Smith, wakamweka msaidizi wake kwa mshahara ulio mdogo.

Sitaki kuwadharau watu hawa. Wengi wao walikuwa wenye maduka madogo, na kodi iliwauma kweli, maana ilipimwa kwa nyumba ya mtu, si kwa faida yake. Tena walikuwa na haki kuogopa kwamba fedha zikikusanywa zitaliwa. Lakini uchafu hauangalii kura. Maji machafu ya mji yalimwagwa mtoni, yakapita katika mashamba ya watu wengine, na katika mwaka 1858 mwenye ardhi mmoja, Charles Adderley, alilishtaki baraza. Baraza likajitetea kwamba mji una watu 250,000, nao wangepatwa na madhara kama mifereji ingezuiwa. Mahakama ikajibu kwamba wingi wa watu haulipi baraza ruhusa ya kuharibu mali ya mwenziwe. Hivyo fedha ambazo hawakutaka kuzitoa kwa hiari, ilibidi zitolewe kwa amri.

Sasa namleta mtu ambaye jina lake si geni katika nchi zetu. Joseph Chamberlain alizaliwa London mwaka 1836, akaenda Birmingham akiwa na umri wa miaka 18 kufanya kazi katika kiwanda cha parafujo cha jamaa zake. Huyu ndiye yule ambaye baadaye alikuwa waziri wa makoloni, akashuka Mombasa mwezi wa Desemba 1902 na kupanda gari la moshi kwenda bara. Mambo aliyoyafanya alipokuwa waziri yana wanaoyasifu na wengi zaidi wanaoyalaumu, nami sitayagusa leo. Habari zangu ni za miaka mitatu tu, tangu Novemba 1873 mpaka Juni 1876, alipokuwa Meya wa Birmingham.

Hakuja peke yake. Kwa miaka mingi wahubiri wa mji ule, kama George Dawson na Robert William Dale, walikuwa wakiwaambia matajiri kwamba kuketi barazani na kushughulika na mifereji ni ibada pia, si kazi ya kumwachia mtu yeyote tu. Kwa hiyo wenye viwanda na wenye elimu walianza kugombea viti ambavyo zamani waliviona ni aibu kuvikalia. Chamberlain alikuwa mmoja wao.

Jambo la kwanza alilolileta, mapema mwaka 1874, halikuwa njia wala maji. Lilikuwa gesi ya taa. Makampuni mawili yaliuza gesi mjini, na njia moja ilipasuliwa mara mbili, kila kampuni ikizika mabomba yake. Chamberlain alitaka baraza liyanunue yote mawili kwa bei ya karibu pauni 2,000,000. Fikirini hofu ya watu! Mji uliosita kukopa fedha za mifereji sasa waambiwa ukope kwa ajili ya taa. Lakini yeye alikuwa mfanya biashara, na hesabu alizifahamu. Aliwaonyesha kwamba gesi ni biashara isiyokosa mnunuzi, na kwamba kama shauri lile lingekuwa la mfuko wake mwenyewe angelipokea kwa furaha. Wajumbe wawili tu walilikataa. Sheria ya kununua ikapitishwa na Bunge mwaka 1875, na katika mwaka wa kwanza, baada ya kulipa riba na sehemu ya deni, ikabaki faida ya pauni 34,000.

Hapo ndipo palipo siri ya habari yote hii, nami naomba mwalimu anayenisikia na kalamu aiandike. Baraza lilikuwa na njia mbili za kupata fedha: kodi, inayochukiwa, na mkopo, unaoogopwa. Chamberlain aliongeza ya tatu, yaani mali ya mji inayozaa. Faida ya gesi ikasaidia kodi isipande sana, na wakopeshaji wakauamini mji wenye mali inayoonekana. Tena kila mkopo ulikuwa na mfuko wake wa kulipia deni, unaotiwa fedha kila mwaka, usiruhusiwe kuguswa kwa mishahara wala karamu. Mkopo wa kujenga kitu kitakachodumu ulitengwa mbali na matumizi ya kila siku, kama vile kufagia njia na kulipa makarani. Anayekopa kwa kufagia njia atakopa tena kesho, maana kesho takataka zipo.

Mwaka ule ule wa 1875 wakainunua kampuni ya maji kwa pauni 1,350,000. Lakini kwa maji Chamberlain alikataa faida. Gesi, alisema, ni ya kuangazia, na mwenye nayo aweza kulipa. Maji ni uhai wa watu, basi kinachozidi kirudishwe kwa kupunguza bei. Mimi namheshimu zaidi kwa neno hili kuliko kwa zile pauni 34,000.

Kisha ikaja njia. Katika mwaka 1875 Bunge lilitoa sheria ya kuyapa mabaraza ya miji nguvu ya kununua na kubomoa nyumba zisizofaa kukaliwa na watu. Birmingham ilichora ramani ya ekari 93 katikati ya mji, palipokuwa na vichochoro vibaya kuliko vyote, ikakusudia kupitisha humo njia kuu mpya, upana wake futi 66. Chamberlain mwenyewe alitoa pauni 10,000 za kuanzia. Wenye nyumba wakapinga; mjumbe wa serikali akaja kusikiliza mashauri mwezi wa Machi 1876; mwisho kibali kikatoka. Kazi ya kukata njia ilianza 1878, ikaitwa Corporation Street, maana yake njia ya baraza la mji.

Baraza halikuiuza ardhi kando ya njia ile. Liliikodisha kwa miaka 75, wenye maduka wajenge kwa fedha zao, walipe kodi ya ardhi kila mwaka, na mwisho wa muda ardhi na majengo yote yarudi kwa mji. Mwanzoni haikuwa rahisi. Biashara ilikuwa imeanguka katika miaka ile, viwanja vikakaa vitupu, na wale waliokuwa wamepinga wakapata la kusema.

Sasa nifikie jambo ambalo wasifu wa Birmingham hulipita upesi. Njia ile ilipitishwa juu ya makao ya watu. Sheria ilitaka wanaohamishwa wapatiwe mahali pa kukaa, lakini baraza lilipopiga hesabu liliona kwamba kujenga nyumba za maskini juu ya ardhi ya bei kubwa namna ile ni hasara, likasema nyumba tupu zipo kwingineko. Nyumba za kwanza ambazo baraza liliwajengea wafanya kazi zilikuwa 22 tu, katika Ryder Street, zikamalizika karibu na mwaka 1890. Zikafuata 82 katika Lawrence Street mwaka 1891. Hizo ndizo zote, na njia ilikuwa imekwisha kutimiza zaidi ya miaka kumi.

Wako wanaoonyesha hesabu za vifo. Mahali pale, kati ya 1873 na 1875, katika kila watu 1,000 walikufa karibu 53 kwa mwaka. Kati ya 1879 na 1881 walikufa 21. Hesabu hiyo ni ya kufurahisha, lakini mwanafunzi mwenye akili aulize: je, ni watu wale wale waliohesabiwa? Mwanamke aliyekuwa akikohoa uani mwaka 1874 hakuwa akikaa juu ya duka la nguo mwaka 1880. Alikuwa amehamia kichochoro kingine, na kikohozi chake kikahesabiwa huko. Maji safi yaliwafaa watu wote, hilo halina shaka. Lakini njia pana iliwafaa kwanza wenye maduka, na waliolipa bei yake kwa kuhama hawakuandikwa katika makisio.

Faida ya gesi iliendelea kufanya kazi yake. Sheria ilizuia kodi ya vitabu na makumbusho isizidi peni moja katika kila pauni ya thamani ya nyumba, na kwa hiyo mji haukuwa na fedha za kujenga nyumba ya picha. Basi kamati ya gesi ikajenga ofisi zake, na juu ya ofisi hizo ikaweka kumbi za picha, zikafunguliwa mwaka 1885. Mimi hucheka kila nikisoma habari hii. Hawakuvunja sheria, ila waliizunguka kama maji yazungukavyo jiwe.

Mwaka 1889 Birmingham ilipewa daraja la jiji. Mwaka 1892 ikapata ruhusa ya Bunge kujenga mabwawa katika bonde la Elan, nchi ya Wales, na mwaka 1904 mfalme Edward wa Saba akafungua maji hayo, yanayoteremka kwa mwinuko wa nchi peke yake mwendo wa maili 73. Huko nako watu karibu mia walihamishwa ili bonde lijae maji.

Chamberlain alikufa mwaka 1914. Mikataba ya Corporation Street ilikuwa bado na miaka karibu 40. Ilipokoma, katika miaka ya 1950, wale waliopiga kura ya kukopa wote walikuwa makaburini, na pamoja nao wale waliopinga. Karani wa jiji akafungua jalada, akaandika kwamba ardhi na majengo ni mali ya mji.